Gego la Frasi

Kilichomshtua Perpetua Kunambi ni kwamba lile gego lilikuwa limelika.

Alilishika kwa koleo ndogo, akaligeuza chini ya taa, akalitazama tena. Vilele vyake vilikuwa vimesagika hadi vikawa butu. Akasoma maandishi ya kwenye kifuko: Eufrasia Matimbwa. Gego la kwanza la kudumu, taya la chini, kushoto. Alipotea kwenye gharika akiwa na umri wa miaka sita. Kifo kimethibitishwa.

"Haiwezekani," akasema peke yake pale mezani.

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto anapofikia miaka sita. Kama huyu Eufrasia alichukuliwa na maji katika umri huo, basi gego lake lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia ufizini. Lingepataje kulika hivi?

Perpetua alikuwa daktari wa meno kwa kusomea, ingawa ilikuwa zamani sana alipomwambia mtu aliye hai apanue kinywa. Kazi yake katika Taasisi ya Utambuzi mjini Morogoro ilikuwa ya marehemu. Gharika ilipolibeba bonde zima, miaka kumi na mitano iliyopita, ilichukua watu, nyumba, makaburi na kumbukumbu zote za serikali. Kilichostahimili maji na tope ni meno. Wachekechaji walipita bondeni na kwenye miinuko yake, wakachekecha udongo, wakaleta walichokipata, na mashine iliyoitwa Mtambuzi ikakisoma.

Watu walimzungumzia Mtambuzi kama mtu, na kwa kweli hapakuwa na mtu aliyemfikia. Jino hujengwa tabaka juu ya tabaka, siku hadi siku, na Mtambuzi aliweza kusoma tabaka hizo mpaka akajua mama alikunywa maji ya kisima gani akiwa mjamzito, na mtoto aliachishwa ziwa lini. Kwenye chembe zilizobaki ndani ya jino alisoma ukoo. Maelfu ya familia zilijua mwisho wa watu wao kwa sababu yake, wakapata pa kuweka msiba wao.

Kisha ukaja Mwangwi. Familia iliyothibitishiwa kifo iliruhusiwa kuomba kisanduku cha kuweka ukutani, na ndani yake sauti. Taasisi iliijenga sauti hiyo kutokana na yale Mtambuzi aliyoyasoma, pamoja na video na rekodi ambazo ndugu walibaki nazo kwenye simu zao. Mwangwi uliongea, ulicheka, ulikumbuka majina ya mbuzi wa nyumbani. Waliouchukua hawakutaka tena kusikia habari ya kuurudisha.

Sheria ilisema jambo moja tu ambalo mashine haikuachiwa: jino lisirudishwe kwa ndugu kuzikwa mpaka binadamu alitazame kwa macho yake. Wengi waliliona sharti hilo kama heshima tu, mfano wa kumvulia marehemu kofia. Perpetua alikuwa akilitimiza tangu alipohamia pale mwanzoni mwa mwaka, na hakuwahi kumkuta Mtambuzi amekosea.

Akaanza upya, kama alivyofundishwa chuoni, kana kwamba hakukuwa na maandishi yoyote kwenye kifuko.

La juu au la chini? Magego ya juu yana mizizi mitatu na sura iliyopinda kama mstatili uliosukumwa upande. Hili lilikuwa refu kutoka mbele kwenda nyuma, na pale mizizi ilipoanzia palionekana pande mbili tu. La chini. Kushoto, sawa. Vilele vitano, viwili upande wa ulimi na vitatu upande wa shavu. Hapo pia Mtambuzi alikuwa sahihi, kwa kuwa gego la kwanza la kudumu la chini nalo lina vilele vitano.

Lakini katika gego la kudumu, kile kilele cha nyuma upande wa shavu huwa kidogo, kama kitinda mimba aliyebanwa kwenye picha ya familia. Hapa vyote vitatu vilikuwa karibu sawa. Shingo ya jino ilikuwa imebanwa ghafla, na juu yake, upande wa shavu, palikuwa na uvimbe unaosikika kwa ncha ya kucha. Rangi nayo ilikuwa nyeupe ya maziwa, si ile ya manjano hafifu ya meno ya ukubwani. Na lilikuwa dogo. Perpetua akalipima mara mbili.

Lilikuwa gego la utoto, la pili, lile la nyuma kabisa katika meno ya kwanza. Linafanana na gego la kwanza la kudumu kiasi kwamba wanafunzi wa udaktari huyachanganya kila mwaka, na walimu huwacheka.

Akageuza upande wa chini. Mizizi haikuwapo. Mtambuzi alikuwa ameandika: mizizi imevunjika kwa nguvu ya maji. Perpetua akaliweka gego chini ya hadubini, akaisogeza lenzi taratibu mpaka ukingo ukatulia machoni. Kitu kilichovunjika huwa na makali. Ukingo huu ulikuwa laini, umejaa vishimo vidogo vidogo, kama mahindi yaliyotobolewa na dumuzi. Haukuvunjika. Ulikuwa umeliwa kutoka chini na jino jipya lililokuwa likipanda kuchukua nafasi yake.

Akaondoa jicho kwenye hadubini. Gego la pili la utoto hutoka lenyewe mtoto akiwa na miaka kumi, kumi na moja, wengine kumi na miwili.

*

Mzee Mloka, aliyekuwa msimamizi wa Mtambuzi, alikuja na miwani yake juu ya paji la uso. Alikuwa mtu mpole, aliyezoea kuwaita wafanyakazi wote wa kike dada, hata walio sawa na binti zake.

"Dada Perpetua, lipitishe kwenye miale," akasema baada ya kutazama. "Tutafute mstari wa kuzaliwa."

Siku mtoto anapozaliwa, mwili hushtuka, na mshtuko huo hubaki kwenye jino kama mstari mwembamba. Gego la kudumu huanza kujengwa karibu na siku hiyo, kwa hiyo mstari wake hukaa kwenye ncha kabisa, au haupo. Gego la utoto limeanza zamani tumboni mwa mama, na mstari unapita ndani yake. Picha ilipojaa kwenye kioo, mstari ulikuwa pale katikati, dhahiri.

Mloka akashusha miwani machoni. "Niliuona," akasema polepole. "Mtambuzi aliutia kwenye taarifa. Alisema ni alama ya homa kali. Aliona jino liko sehemu ya gharika, ni la mtoto aliyepotea, akajaza yaliyobaki. Nami nikapitisha."

"Damu ni ya nani?"

"Damu haina shaka. Ni mtoto wa Gaudensia Matimbwa."

"Basi aliishi, mzee. Aliishi miaka minne baada ya maji, kama si mitano."

Mloka alikwenda dirishani, akasimama akiitazama milima ya Uluguru iliyofunikwa na wingu. Alipogeuka, alionekana amechoka.

"Huyu mama ana Mwangwi," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Nilimpelekea mimi mwenyewe. Alikuwa hali, hasemi na mtu. Siku hizi nasikia anakwenda hadi kwenye vikao vya harusi."

Perpetua aliijua sheria. Watu walikuwa wamewahi kutengeneza Mwangwi wa walio hai, wake waliokimbia, watoto waliogombana na wazazi, na kuwafanya waseme walichotaka kusikia. Tangu hapo Mwangwi wa mtu aliye hai ulipigwa marufuku. Shaka ikiingia tu, unazimwa siku hiyo hiyo.

"Fikiria vizuri," akasema Mloka. "Sisemi tufiche. Nasema fikiria. Msichana anaweza kuwa alifariki mwezi mmoja baada ya jino kumtoka. Unamnyang'anya mama sauti ya mwanawe, unampa nini badala yake? Unampa labda."

"Ndiyo. Nampa labda."

"Na wenye Mwangwi wengine? Wakisikia tumekosea hili, watajaa hapo getini, kila mmoja anadai wake naye yu hai. Na wengi wao hawapo hai, dada. Tutawafufulia msiba."

Hilo lilimwingia Perpetua. Alilitazama lile gego kwenye kitambaa chake cheusi. Aliwaza juu ya nyumba ambazo jioni hii zingewasha taa na kusalimiana na visanduku vyao, na amani iliyomo humo. Nani alikuwa amemwomba aje kuitikisa? Kisha akawaza juu ya mtoto wa miaka kumi mwenye pengo nyuma ya kinywa, mahali fulani, asiyejulikana na mtu.

"Mzee Mloka," akasema, "tulipomthibitishia kifo, tulimwambia mama yake aache kumtafuta. Hatukuyasema kwa maneno hayo, lakini ndivyo alivyotuelewa. Kama binti yupo, hakuna mtu duniani anayemtafuta, na sababu ni sisi. Hao wengine nao waje. Nitayatazama meno yao moja baada ya jingine. Nitakaowaambia ni kweli, watajua ni kweli."

Mloka alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Lilipatikana wapi?" Perpetua akauliza.

"Hilo ndilo linanisumbua sasa. Ndani ya tangi la maji, shule ya Mwandolela, huko juu milimani. Tulidhani maji ya gharika ndiyo yaliyojaa tangini. Lakini nikitazama ramani, maji hayakufika nusu ya kilima kile."

"Ukiandika taarifa leo, Mwangwi utazimika kabla mama hajajua kwa nini. Niache niende kwanza."

"Nenda," akasema Mloka. "Nitaandika ukirudi."

*

Gaudensia Matimbwa alikuwa kibarazani akichambua mchicha. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na aliitikia shikamoo ya Perpetua kama anayemfahamu tangu utotoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo, mkeka ni msafi."

"Mama, nani amekuja?" ikauliza sauti ndogo kutoka ndani.

"Mgeni, Frasi. Daktari."

"Ana sindano?"

"Hana, mama yangu. Cheza." Gaudensia akatabasamu. "Anaogopa sindano huyo."

Perpetua alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yalimtoka. Akasema tu, "Mama, naomba tukae kule mbali kidogo na mlango."

Gaudensia aliacha mchicha. Wakaenda hadi karibu na banda la kuku, na huko Perpetua akamweleza bila kuzungusha. Akatoa kifuko, akaliweka lile gego kwenye kiganja cha mama, akamwonyesha pale penye vishimo. Gaudensia alisikiliza mpaka mwisho, uso umemkakamaa.

"Mliniletea karatasi yenye muhuri," akasema. "Nikanyoa nywele. Nikaweka matanga. Leo mnaniambia hajafa."

"Siwezi kukuambia hajafa, mama. Ninachojua ni kwamba hakufa siku ile. Alilitumia jino hili miaka mingine minne au zaidi, na likatoka lenyewe kama yanavyowatoka watoto wote."

"Nani alikuwa anampa chakula?"

Perpetua hakulitarajia swali hilo. "Sijui."

"Lakini alikuwa anakula."

"Alikuwa anakula. Tazama lilivyosagika."

Mama alipitisha kidole juu ya vile vilele butu, taratibu, akienda na kurudi. Machozi yalimtoka bila sauti, wala hakuyafuta. Kuku waliwapitia miguuni.

"Mlilikuta wapi?" akauliza.

"Kwenye tangi la maji la shule, milimani. Hatuelewi lilifikaje, kwa sababu gharika haikufika huko."

"Tangi la mvua? Lenye mifereji kutoka kwenye bati?"

"Nadhani ndiyo."

"Basi alilitupa kwenye paa." Gaudensia alisema hivyo kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Jino likitoka unalitupa juu ya paa, unamwambia mjusi achukue bovu alete zima. Nilimfundisha mimi. Lile la mbele lilipomtoka, mwezi ule ule wa maji, alirusha mara tatu ndipo likakaa. Mvua ikinyesha litakwenda wapi, kama si mferejini, na kutoka mferejini likaingia tangini?"

Perpetua akafumba macho. Yeye na Mloka na mashine yao walikuwa wameitafuta gharika iliyoweza kupanda mlima, kumbe ni mkono wa mtoto.

"Kuna jambo jingine, mama," akasema, na likawa zito kuliko yote. "Mwangwi. Taarifa ikiandikwa, watauzima. Leo. Tunaweza kumtafuta binti tusimpate, au tukakuta kaburi. Na huu hautarudishwa mpaka tuwe na hakika, kama utarudishwa."

Gaudensia aliutazama mlango wa nyumba yake. Ndani, sauti ndogo ilikuwa ikijihesabia kitu, inaruka namba, inarudia.

"Atazimwa na nani?"

"Mitambo. Kutoka Taasisi."

"Hapana," akasema. "Mimi ndiye niliyemwasha."

Aliingia ndani. Perpetua alibaki nje na lile gego mkononi, asisikilize kwa makusudi, na hata hivyo alisikia mnong'ono, kisha kimya. Gaudensia aliporudi alikuwa amekibeba kile kisanduku, amekifunika kwa kanga, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Akamkabidhi.

"Nimemwambia naenda kutafuta," akasema. Kisha akarudi kuketi kibarazani, akaanza tena kuchambua mchicha.

*

Sista Leokadia wa shule ya Mwandolela alikuwa mzee sana, na alipoonekana kwenye kioo cha simu alikaribia mno, Perpetua na Gaudensia wakawa wanaona jicho moja na ukingo wa kitambaa chake.

"Watoto wa maji walikuwa wengi," akasema. "Walipanda mlima wenyewe, wengine wamebebwa na watu wasiowajua. Barabara ilikuwa imekatika, na ilikaa hivyo miaka. Wa umri huo, msichana... alikuwapo Vasti. Hakusema neno mwaka mzima, maskini. Aliposema, tulimwuliza jina, akasema Vasi, au Vathi, maana alikuwa hana meno ya mbele. Nikaandika Vasti. Ni jina la kwenye Biblia."

Gaudensia, aliyekuwa ameketi kando ya Perpetua, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. "Frasi," akasema nyuma ya vidole. "Alikuwa anasema Frasi."

Perpetua, akiwa peke yake ofisini, alimpigia Vasti kwa namba aliyopewa na Sista, kwa sababu aliona kwamba huyu naye alikuwa na haki ya kuulizwa. Upande wa pili palikuwa na kelele za mitambo. Vasti alisikiliza bila kumkatiza.

"Mimi nina mama," akasema mwishowe. "Sista ndiye mama yangu."

"Ndiyo. Hakuna anayetaka kumwondoa."

"Huyo mwingine anataka nini?"

"Kukuona. Ukikataa, nitamwambia umekataa, na hatakusumbua."

Kelele za mitambo ziliendelea. "Nilikuwa nadhani nilimwota," Vasti akasema. "Mwanamke ananishika mkono tunatazama juu ya paa. Nikawaambia wenzangu shuleni ndivyo inavyofanywa jino likitoka, na sikujua nimelitoa wapi. Mwambie aje. Ila asije akimtegemea mtoto wa miaka sita."

Alituma mate yake kwenye kichupa, na Mzee Mloka aliyapitisha mwenyewe kwa Mtambuzi. Aliposoma kwamba damu ni ile ile, alikaa kwenye kiti, akaita ofisi nzima ije ione. Siku iliyofuata alifungua kabati la meno yote yaliyosubiri, akampa Perpetua wasaidizi na hadubini za ziada, akabandika tangazo kwa familia kwa jina lake yeye. Walikuja, kweli, wakajaa getini. Wengi waliambiwa kwamba Mtambuzi alikuwa sahihi, wakalia upya, wakashukuru kwa kutazamiwa. Lakini kwenye trei ya tatu Perpetua alikuta gego jingine dogo, jeupe, lisilo na mizizi.

*

Kwenda Mwandolela siku hizi ni kwa gari la waya. Linaning'inia juu ya bonde, na chini yake yanaonekana mashamba mapya ya mpunga pale palipokuwa tope. Gaudensia alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Hakutazama chini hata mara moja. Spika ya garini ilipokwaruza, akashika mkono wa Perpetua.

"Abiria, tunakaribia kituo cha juu," ikasema sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kutii na kutiiwa. "Kaeni mpaka gari lisimame. Baba mwenye kuku, wafunge kuku wako."

Watu wakacheka. Gaudensia hakucheka. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

Kituoni, mwanamke mrefu mwenye ovaroli ya kijivu alikuwa akifunga lango la chuma. Aliwaona wakishuka. Aliifuta mikono yake kwa tambara, akaifuta tena, ingawa ilikuwa imekwisha kutakata, akaja hadi hatua chache mbele yao akasimama.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," akaitikia Gaudensia.

Walitazamana. Vasti alikuwa na paji la uso la mama yake, pana na lenye mfinyo katikati, na kwa jinsi alivyoliangalia paji la Gaudensia, alikuwa ameona wanavyofanana. Nyuma yake kengele ikalia.

"Kuna gari linapanda," akasema kwa taabu. "Nina abiria wa kushusha. Zamu yangu inaisha saa kumi, na Sista ametupikia. Mtanisubiri?"

"Fanya kazi yako, mwanangu," akasema Gaudensia. "Mimi nipo."

Vasti akaitikia kwa kichwa, akarudi langoni. Wao wakaketi kwenye benchi la saruji ukutani, penye jua. Gari likaingia, milango ikafunguka, na mzee mmoja aliyekuwa akishuka na gunia akamwambia Vasti jambo lililomfanya atupe kichwa nyuma na kucheka kinywa wazi. Perpetua, kwa mazoea ya kazi, akajikuta anayatafuta magego yake. Kisha akageuza uso, akatazama bondeni, akamwachia mama mtu atazame.